Fundo Jekundu Ndani ya Pindo

Jumanne ile Mama Pindo alirudi kutoka kiwandani macho yamemvimba, akaubwaga mkoba mezani, akasema, "Mzee amefariki," kisha akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mama mkwe wake alikuwa anachambua maharage. Alisimama na ungo mkononi. "Mzee yupi?" aliuliza, na mlango haukumjibu. Katika ukoo wao wazee waliokuwa hoi walikuwa watatu, na bibi huyu, ambaye hakuwa na subira ya taarifa kamili, alimchagua aliyekuwa hoi kuliko wote akaanza kumlilia. Alijaliwa sauti ya kazi hiyo. Maharage hayajainjikwa, majirani walishafika na viti vyao, mmoja ameleta turubai, mwingine anauliza mazishi ni lini.

Mume wa Mama Pindo ni fundi bomba. Simu ilimkuta amelala chali chini ya sinki la watu. Alikuja mbio na spana mkononi, suruali imelowa hadi magotini, akapokea pole kuanzia mlango wa nje mpaka chumbani. Alimkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, kitabu mapajani.

"Nani?" aliuliza akihema.

"Mlinzi wa Ngazi."

"Mlinzi wa... wa ofisi gani?"

"Wa Mnara, baba. Kitabu cha nne. Amesimama peke yake pale ngazini ili watoto wapate kupita. Na ule mkuki nilikuwa nauona unakuja, nauona kabisa, na sina la kufanya."

Fundi bomba aliitazama spana yake. Alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ulikuwa umemfikisha pabaya mara nyingi, lakini si pabaya kama hapa. Alitoka nje, akasimama mbele ya watu kumi na mmoja waliokaa kimya kwa heshima, akakohoa.

"Jamani, asanteni kwa kuja. Aliyefariki ni mtu wa kitabuni."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Mzee mmoja aliuliza kwa nia njema kabisa kama marehemu wa namna hiyo huwa anazikwa. Mama Mkasi, jirani wa mlango wa tatu ambaye pia ni mkata vitambaa katika kiwanda hichohicho, alikikunja kiti chake na kukitia kwapani. "Kitabu gani hicho kinachomliza mtu mzima?" alisema, akaondoka bila kungoja jibu, maana swali lenyewe lilimtosha kuanzia safari ya nyumba kwa nyumba.

*

Kitabu chenyewe kiliingia nyumbani mle kupitia mkoba wa shule. Binti yao alikiazima maktaba, cha kwanza katika mlolongo wa vitabu sita viitwavyo Mnara wa Nyuzi, akasoma kurasa arobaini akakitupa juu ya kabati. "Hakuna mapenzi humu," alisema. "Ni watu wanafuma tu, mara joka." Mama yake alikichukua siku moja ili apate cha kushika mkononi wakati nguo zinakauka. Nguo zilikauka, zikanyeshewa, zikakauka tena.

Vitabu vile sita alivisoma vyote katika muda wa miezi mitano, kisha akarudi mwanzo, na safari hii ya pili ndiyo iliyomliza zaidi, kwa kuwa sasa alijua nani atakufa wapi. Watu wa nyumbani waliyaona mabadiliko. Birika lililokuwa likimwagia watu maji ya moto lilipewa jina, likaitwa Joka, na kila asubuhi liliombwa radhi kabla ya kuguswa. Mama Pindo, ambaye zamani akikanyagwa mguu ndiye aliyeomba msamaha, siku moja alisimama mbele ya dirisha la zahanati ambapo karani alikuwa na desturi ya kufokea wagonjwa, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Nangoja jibu, si kelele." Alipata jibu. Foleni nzima nyuma yake ikapata majibu pia.

"Nilioa mtu mmoja," fundi bomba aliwaambia wenzake. "Sasa naishi na ukoo mzima, wengine wana mabawa." Alisema hivyo kwa kulalamika, lakini uso wake haukulalamika. Mke aliyechangamka si hasara.

Jambo moja tu lilimtia Mama Pindo haya: umri wake. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na jalada la kitabu lilikuwa na joka limekumbatia mnara, limechorwa kwa rangi za peremende. Kwa hiyo alikivisha karatasi ya kaki, akaibandika vizuri pembe zote, na kiwandani akakisoma saa ya mapumziko akiwa amegeukia ukuta. Wenzake walidhani ni kitabu cha dini. Walimpunguzia hata matani.

*

Kiwandani pale yeye ndiye wa mapindo. Nguo ikifika kwake ina mikono, ina kola, ina mifuko. Inachongoja ni kupindwa chini na kumalizwa. Ndiko alikolipata jina. Kwa miaka kumi na tisa hakuna pindo lake lililowahi kurudishwa.

Mwezi ule walikuwa wameshona makoti mia tatu na ishirini ya wauguzi, ya samawati, kwa ajili ya jengo jipya la hospitali ambako wangelazwa wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Alhamisi lori lilirudi na maboksi yote. Yalipangwa katikati ya ukumbi, pale kila mtu alipoweza kuyaona, na msimamizi akazima cherehani zote kwa swichi moja. Ukimya wa cherehani sitini zilizozimika kwa pamoja si kitu kidogo.

Ilikuwa hivi. Muuguzi mmoja mrefu aliona koti lake limekuwa fupi, akafumua pindo apate kulishusha. Ndani akakuta fundo dogo la uzi mwekundu, limefungwa kwa mkono, limebanwa kwenye kitambaa. Akamwonyesha mwenzake. Mwenzake akafumua lake, akakuta la kwake. Walipofumua la tano, mmoja alishalivua koti na kulitupa dirishani. Hadi jioni hakuna muuguzi aliyekubali kuligusa lolote.

"Haya ni mafundo ya nini?" msimamizi aliuliza, akiliinua koti moja juu.

Macho yote yakaenda kwenye cherehani ya mapindo. Mama Pindo alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza.

"Nimeyafunga mimi," alisema.

"Ya nini?"

Mbele ya watu sitini, kulisema lile jina la Mnara kulimshinda. Alikaa kimya, na ukimya wake Mama Mkasi aliutafsiri papo hapo.

"Ulizeni kile kitabu chake cha karatasi ya kaki," alisema kutoka meza ya kukatia. "Ulizeni ni cha dini gani. Na muulizeni ni maiti gani aliyemlilia juzi ambaye hakuna anayemjua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sisemi kitu."

Kwa mtu ambaye hakusema kitu, alisema mengi. Dada aliyekaa cherehani ya jirani aliivuta stuli yake nusu hatua mbali naye.

*

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka mambo yaishe. Alimkalisha Mama Pindo ofisini, akamsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Mimi siamini mambo ya uchawi," alisema, ingawa alikuwa amekaa mbali kidogo na meza. "Lakini wauguzi wanaamini, na Matroni wa hospitali anakuja Jumatatu saa nne na anataka maelezo. Sasa sikiliza, dada. Hapa nimeandika kwamba ni uzembe. Uzi wa kazi nyingine ulinasa bahati mbaya. Unasaini, tunakupa onyo, tunayafumua, unaendelea na kazi yako."

"Mafundo mia tatu na ishirini yamenasa bahati mbaya?"

"Uzembe mkubwa."

"Meneja, mimi sijawahi kuzembea."

"Najua. Ndiyo maana watakusamehe." Aliisogeza kalamu. "Ukiniambia ulifanya makusudi, sina namna. Makusudi ni kufukuzwa. Nenda nyumbani, ulale na hii karatasi, Jumatatu uniletee ina saini."

Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kitabu, akatoka. Wanawake waliokuwa wakimsubiri kila siku waende naye hadi kona walikuwa wameshaondoka.

*

Habari ilimtangulia. Ijumaa asubuhi, bombani, ndoo zilizokuwa mbele na nyuma ya ndoo yake zilisogezwa. Binti alirudi kutoka shule mdomo umemfura kwa hasira, kuna aliyemwomba amsaidie kufaulu hesabu "kwa uzi wa mama yako." Fundi bomba alifika kwa mteja wake wa miaka mingi akaambiwa, mlangoni, bila kukaribishwa, kwamba bomba limejirekebisha lenyewe. Na Jumamosi mama mmoja wa mtaa wa pili alirudisha gauni ambalo Mama Pindo alikuwa amempindia kama msaada tu. Pindo lote lilikuwa limefumuliwa. Alilitundika kwenye kitasa cha mlango akaenda zake.

Gauni lile ndilo lililomliza. Mama Pindo alililaza juu ya meza, akalinyoosha kwa viganja, na machozi yakadondoka juu ya nyuzi zilizokatwa ovyo. Ndani ya gauni lile hakuwa ameweka chochote.

"Basi saini," fundi bomba alisema. Walikuwa wamekaa wote wanne kuzunguka meza, mchana kweupe, mlango umefungwa kwa sababu ya macho ya watu. "Saini ni kuchora tu, mke wangu. Uzembe, uzembe. Nani hazembei? Mimi mwenyewe nimeshafunga bomba la maji moto kwenye la baridi."

"Wewe ulizembea kweli. Mimi sikuzembea."

"Kwani ulikuwa unafanya nini?" aliuliza Bibi. "Mimi mama yako mkwe, nimekaa na wewe miaka ishirini, hebu niambie. Hayo mafundo ni ya nini?"

Mama Pindo alifuta macho. "Ni ya Mnarani, mama. Katika kitabu cha tatu. Vita vikianza, wanawake wanaofuma wanamshonea kila askari koti, na kabla ya kulifunga pindo wanatia fundo ndani. Linaitwa fundo la kurudi. Askari mwenyewe hajui. Ni wao tu wanajua kwamba kila aliyetoka ameshikwa kwa uzi."

"Na wanarudi?" Bibi aliuliza.

"Wengine."

"Sasa hawa wauguzi wanaenda vita gani?" alisema fundi bomba.

"Si wanaingia kule kwenye wale wagonjwa? Wanaingia asubuhi, na mtu ana watoto nyumbani. Siku ya kwanza nilipoambiwa ni makoti ya jengo lile, mkono ulinisimama. Nikaona mimi ndiye wa mwisho kuyashika kabla yao. Nilibakiza vidole vitatu vya pindo, nikatia fundo, nikafunga. La pili nikaona nikiliacha bure nitakuwa nimemwonea wa pili."

Kisha binti, aliyekuwa akitafuna ncha ya skafu yake, alisema, "Mama, si uwaambie hivyohivyo?"

"Niwaambie nimetoa kwenye kitabu cha joka? Mtu wa umri wangu?"

"Afadhali wakuite mtoto kuliko wakuite mchawi."

"Kisha wamfukuze," fundi bomba alisema. "Hapo amekuwa mtoto asiye na kazi."

Bibi aliigonga meza kwa kidole. Alikuwa mtu wa kukata maneno, na mara nyingi alikata pasipostahili. "Mficha uchi hazai," alisema. "Lakini na mwenye njaa hali ukweli. Mimi nasema asaini." Aliona aibu kidogo baada ya kusema hivyo, akaenda kutazama maharage ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Jumapili yote karatasi ilikaa mezani na kalamu juu yake. Fundi bomba aliipita mara kadhaa, na kila alipoipita aliisogeza kalamu ikae sawa. Alimpenda mkewe, na alimwogopea, na vitu hivyo viwili vilimfanya amchukie yule joka wa kwenye jalada kama mtu anavyomchukia shemeji mlevi.

Jumatatu asubuhi karatasi haikuwa na saini. Mama Pindo aliichukua hivyohivyo, akachukua na kitabu cha tatu, akamwomba Joka radhi, akanywa chai yake na kwenda kazini.

*

Matroni alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu vilivyong'arishwa, na alipoingia ukumbini watu walisimama bila kuambiwa. Nyuma yake alikuwapo muuguzi mrefu, yule aliyefumua pindo la kwanza, ambaye macho yake yalipita cherehani moja baada ya nyingine akitafuta ni ipi ya kuogopa.

Meneja alianza. "Matroni, tumechunguza. Ni uzembe tu wa mfanyakazi mmoja, na amekiri—"

"Sijakiri," alisema Mama Pindo.

Alikuwa amesimama kando ya cherehani yake. Meneja alimtazama kama mtu anayetazama sahani ikianguka.

"Sijakiri uzembe, kwa sababu haukuwapo. Nilifanya makusudi. Na nitaeleza kwa nini, kisha mtanicheka, na si neno."

Alikitoa kitabu mkobani. Aliishika karatasi ya kaki kwa kucha, akaichana kuanzia juu hadi chini, na joka likatokeza na rangi zake zote za peremende, limeukumbatia mnara wake mbele ya watu sitini. Nyuma mtu alicheka kweli, kicheko kifupi cha mshangao. Mama Pindo alikingoja kiishe. Kisha akaeleza, tangu vita vya Mnara mpaka vidole vitatu vya pindo, kwa sauti ileile aliyomwambia karani wa zahanati. Hakujitetea wala hakupunguza kitu. Alipofika kwa Mlinzi wa Ngazi, ambaye hakuhusika na shauri hili hata kidogo, alisitasita, akasema, "Na huyo ndiye niliyemlilia wiki ile. Mama Mkasi, kiti chako kilikuja kwenye msiba wake. Nakushukuru."

Mama Mkasi aliinamia mkasi wake. Dada wa cherehani ya jirani aliisogeza stuli yake ikarudi ilipokuwa.

Matroni alikipokea kitabu, akakitazama mbele na nyuma, akakirudisha. Kisha akachukua koti kutoka boksi la juu, akaligeuza pindo.

"Hebu nikuulize wewe fundi. Nguo za kwangu zinachemshwa. Unajua zinachemshwa kwa nini?"

"Kutoa vijidudu."

"Na fundo la uzi, likikaa ndani ya pindo, uchafu unakaa wapi?"

Mwezi wote ule Mama Pindo hakuwa amelifikiria. Damu ilimpanda usoni, na hii haikuwa ile aibu ya joka; hii ilikuwa ya kazi, na ilimchoma zaidi.

"Unakaa kwenye fundo," alisema. "Hilo sikulifikiri. Hapo nimekosea, na ni kosa kubwa. Nitayafumua yote mwenyewe."

"Utayafumua," Matroni alisema. Alimgeukia meneja. "Na wewe ulitaka kuniambia ni uzembe."

"Nilitaka kulipunguza uzito, Matroni."

"Ungeliongeza. Ukiniambia ni uzembe, sijui ni nini kingine kimo humu. Leo uzi, kesho sindano iliyovunjika. Ningeyarudisha makoti yote na nisingekuja tena hapa. Huyu anajua alichokiweka, alipokiweka, na yako mangapi. Alifikiri vibaya, lakini alikuwa anafikiri. Mapindo yangu nataka aendelee kuyashika huyu." Alilitupa koti juu ya boksi. "Jumamosi nitatuma gari kuyachukua. Wewe, umesikia?" Sasa alikuwa anamwambia yule muuguzi mrefu. "Si hirizi. Ni mtu alikuwa anakuhurumia. Kuna siku utatamani kuhurumiwa, na hutapata hata uzi."

Muuguzi mrefu aliitikia kwa kichwa. Wakati wakitoka alibaki nyuma hatua mbili, akamwuliza Mama Pindo kwa sauti ya chini kitabu hicho kinapatikana wapi.

*

Kufumua mafundo mia tatu na ishirini bila kukichana kitambaa si kazi ya kukimbilia. Unafungua vidole vitatu vya pindo, unalikata fundo kwa ncha ya wembe, unatoa kila kijiuzi, unafunga upya. Mama Pindo alifanya kazi hiyo saa za mapumziko na baada ya zamu, peke yake, Jumatatu na Jumanne. Jumatano dada wa cherehani ya jirani alikuja na wembe wake. Alhamisi walikuwa wanane. Ilitokea kwamba mikono mingi ikishika wembe, Mama Pindo akabaki hana cha kushika, na mtu mmoja akasema, "Basi si utusomee?" Alianza na ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza.

Siku ya Ijumaa Mama Mkasi naye alikuja. Hakuomba msamaha, kwa kuwa si desturi yake, bali alikaa karibu kabisa, akafumua makoti thelathini na mawili, zaidi ya mtu yeyote siku hiyo, na mlango wa Mnara ulipofungwa usoni mwa msichana mfumaji wa kitabuni alisonya kwa nguvu. "Wanamfungia mlango mtoto wa watu," alisema. "Wana roho gani hao?" Mtaani jioni ile alipita nyumba zilezile alizozipita kwanza, akieleza mambo upya, na akaongezea mawili matatu ambayo hata kitabuni hayamo. Kesho yake ndoo ya Mama Pindo bombani ilipewa nafasi. Gauni la mama wa mtaa wa pili, lile la kwenye kitasa, alilipinda tena, akalipeleka mwenyewe, akalitundika kwenye kitasa cha mwenye gauni.

Ila Jumatatu barua ilibidi itoke. Meneja alisema kanuni ni kanuni. Hawezi kuacha makoti mia tatu na ishirini yarudi kiwandani na faili la mtu libaki jeupe. Kumfukuza hatamfukuza, lakini onyo la maandishi lazima, na miezi mitatu hatashika oda yoyote mpya bila mkaguzi kufumua pindo moja na kutazama. Mama Pindo alikubali yote. Aliisoma barua iliyochapwa, akaiweka mezani.

"Meneja, umeandika tena uzembe."

"Dada, hilo ni neno la kawaida la barua. Halina maana."

"Kama halina maana, litoe."

"Nikiandika makusudi, faili lako litaharibika."

"Faili langu lina miaka kumi na tisa. Likiharibika, liharibike kwa jambo nililolifanya."

Meneja akavuta kibodi, akafuta, akaandika, na mashine ikaitoa barua nyingine ingali na joto.

*

Alifika nyumbani jua bado kali. Wote walikuwapo, wamekaa kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani: fundi bomba hakuwa ameenda kwa wateja, binti alikuwa bado na sare ya shule, na Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni ili awe wa kwanza kujua.

"Wamekupa barua?" aliuliza.

"Wamenipa."

Uso wa fundi bomba ulisawijika. Aliipokea, akainyoosha juu ya meza. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo ikabidi mwanawe asome kwa sauti, na alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akingoja pale litakapotokea neno la kufukuzwa. Alipita tarehe. Alipita jina la kiwanda. "Unapewa onyo la maandishi," alisoma, "kwa kosa la kushona mafundo mia tatu na ishirini ya uzi mwekundu ndani ya mapindo ya sare za wauguzi, kinyume cha maelekezo, na kwa..." Alisimama. Aliinua macho akamtazama mkewe, akayarudisha kwenye karatasi ili ahakikishe. "Na kwa makusudi."

"Wameandika hivyo?" binti alisema.

"Niliwaambia waandike hivyo."

"Endelea," alisema Bibi. "Wanamfukuza?"

"Hapana, mama. Hawamfukuzi. Anaendelea na kazi." Wiki nzima fundi bomba alikuwa amemwogopea mwanamke huyu, na sasa aliona alikuwa akimwogopea mtu mwingine, yule wa zamani. Alijivunia mkewe, akaona haya kwa kuchelewa kumjivunia, akaikunja barua kwa uangalifu kama cheti.

Bibi hakutaka ikunjwe. Alinyoosha mkono akaitaka, akaishika karibu na macho ingawa haikumsaidia kitu.

"Hapa wamesema mia tatu na ishirini?"

"Ndiyo, mama."

Alimgeukia Mama Pindo. "Na yote uliyafunga kwa mkono."

"Yote."

"Na hao wakaguzi wao, wenye miwani, mwezi wote huo hakuna hata mmoja aliyeona?"

"Hakuna."

Bibi alimpa Mama Pindo barua. "Kesho uniletee na mimi hicho kitabu," alisema. "Unisomee."